Kufunga turbo ya VF30 kwenye Forester SG5, uani Kimara

Jumamosi, 22 Juni 2024: gari lenyewe

Gari ni Subaru Forester XT ya 2004, bodi ya SG5, injini EJ205 ya lita 2.0, giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Karatasi za kiwandani zinasema farasi 220. Turbo ya asili, yaani pampu inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ni TD04. Ni ndogo, inaamka mapema, kwa foleni za Morogoro Road haina mpinzani, lakini ukivuka mizunguko 5,000 inaishiwa pumzi. Ya kwangu hata mapema haiamki tena. Asubuhi gari linatoa moshi wa bluu, na nikishika shafti ya turbo kwa vidole viwili naiona inacheza.

Nilikuwa na njia mbili: kuifanyia ukarabati TD04, au kuchukua turbo ya aina ya VF, ya mtumba, iliyotoka kwenye Impreza STI, Subaru ya kasi. Bei zilikaribiana kiasi kwamba nikachagua VF. Ndiyo hesabu iliyonidanganya, maana nilihesabu turbo peke yake.

Kabla ya kununua chochote nimepima mgandamizo wa silinda zote nne, na zimekaribiana. Zingepishana sana, shajara hii ingeishia hapa na hela ningepeleka kwenye injini.

Lengo ni busti, yaani shinikizo la hewa ambayo turbo inaisukumia injini, ya bar 1, basi. Giaboksi hii haikutengenezwa kwa fujo na sina hela ya nyingine. Bajeti naiweka wazi sasa hivi nisije kujidanganya baadaye: shilingi 1,600,000.

Jumamosi, 29 Juni, hadi Jumatatu, 1 Julai: turbo yenye midomo miwili

Nimeshinda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na Ilala kutwa nzima. VF zipo, bei zinaruka kama panzi. Duka la nne, muuzaji akaniletea moja iliyofungwa kwenye nailoni: "Bosi, hii ndiyo STI yenyewe. Shafti haichezi, angalia mwenyewe." Nikaangalia. Mapanga mazima, shafti imetulia, upande wa moshi hakuna oili. Nikalipa 750,000 na kurudi nyumbani nimeipakata kwenye daladala kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikaigeuza. Mdomo unaopokea moshi umegawanywa katikati kwa ukuta. Nikafuta uchafu kwenye kibati: VF37.

Kwa wanaofuata njia hii, someni hapa taratibu. Kuna VF zenye mdomo mmoja na zenye midomo miwili. VF36 na VF37 ni za midomo miwili. Zilitoka kwenye STI za Japani ambazo moshi wa silinda mbili unakuja kwa njia yake na wa silinda mbili nyingine kwa njia yake, haukutani mpaka ndani ya turbo. Kwenye EJ205 ya kwangu moshi wote unakusanywa chini na kupanda kwa bomba moja. Ukitaka kutumia turbo ya namna hiyo, ubadilishe mfumo wa moshi wote kuanzia kwenye vichwa vya injini. VF30 na VF34 ni za mdomo mmoja, hizo ndizo zinazokaa hapa.

Muuzaji hakunidanganya, ni STI kweli. Mimi ndiye niliyepima kila kitu isipokuwa tundu lenyewe. Jumatatu nilirudi kwa unyenyekevu, tukavutana nusu saa, akanipa VF30 kwa nyongeza ya 150,000. Hii shafti yake ina mchezo kidogo sana wa pembeni, ambao kwa turbo kavu ya beringi za oili ni kawaida. Mchezo wa mbele na nyuma hakuna kabisa, na huo ndio unaoua. Niliwasha tochi ndani, nikaona ufa mwembamba kama unywele karibu na kilango cha westigeti, kile kinachoachia moshi upite pembeni busti isizidi. Ufa wa pale unakuwepo kwenye nyingi za umri huu. Kama haujafika kwenye kiti cha kilango, wengi tunauacha.

Jumamosi na Jumapili, 6 na 7 Julai: kufungua

Sehemu rahisi ziende haraka. Betri imechomolewa, maji ya rejeta yamemwagwa, intakula ya juu, yaani kipoza hewa ya turbo, imetoka, bati la kuzuia joto limetoka, bomba la kushuka, linalotoa moshi kwenye turbo, limelegezwa. Ua wangu ni mchanga, kwa hiyo chini ya stendi za jeki nimeweka vipande vya mbao za mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha watoto. Bila mbao, stendi inazama polepole huku wewe uko chini ya gari.

Turbo imekaa nyuma ya injini upande wa kulia na imeshikwa chini na stadi tatu, zile bolti zisizo na kichwa. Usiku wa Ijumaa nilizilowesha mafuta ya kutu. Mbili zilifunguka vizuri. Ya tatu, iliyo karibu na ukuta wa kabati la dereva ambako spana inaingia kwa pembe mbaya, ilinipa ule ulaini wa ghafla ambao kila fundi anaujua. Unafurahi sekunde moja, halafu unaona kichwa cha nati kimebaki ndani ya soketi na kipande cha stadi.

Mdogo wangu alitaka tutoboe kwa drili palepale. Nikakataa, na ndio uamuzi mzuri pekee wa wikiendi hii. Tulitoa bomba la kupanda zima, nikalipeleka kwa mchomeleaji wa mageti hapo Kimara Mwisho. Akaweka nati juu ya kisiki, akachomelea kwa ndani, akaacha ipoe mpaka wekundu ukaisha, kisha akashika kwa spana. Kisiki kilitoka kama kizibo cha soda. Sh 25,000. Kumbe joto la kuchomelea ndilo linaloachia kutu, kuliko hata nguvu ya mkono. Stadi na nati zote nimenunua mpya, 18,000.

Sabasaba imepita nikiwa na mikono myeusi. Mke wangu alikwenda maonyesho na watoto.

Jumamosi, 13 Julai: kwa nini TD04 ilikufa

Nilitaka leo nifunge turbo nimalize. Badala yake nimejua sababu ya kifo cha ile ya zamani, na siku imeishia hapo.

Bomba la oili la turbo linaanzia nyuma ya kichwa cha kulia cha injini kwa bolti yenye tundu katikati. Ndani ya bolti hiyo kuna kichujio cha wavu, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Nilipoitoa nikaisimamisha kuelekea jua: nusu ya wavu imezibwa na kitu cheusi kigumu kama ukoko wa chini ya sufuria. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na beringi zake zinaelea kwenye oili. Yangu ilikuwa inapewa nusu kikombe.

Ningefunga VF30 bila kufungua bolti hii, Septemba ningekuwa narudi Gerezani na sababu ya kumlaumu muuzaji. Wapo wanaotoa wavu na kuutupa. Mimi nimeulowesha kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku mzima, nimesugua kwa mswaki, na sikuurudisha mpaka nuru ilipopita kila tundu. Oili nitabadilisha kila kilomita 4,000, badala ya "ikifika 7,000 tutaona" niliyokuwa naifanya.

Washa za shaba zote mpya. Usirudishe za zamani hata kama zinang'aa.

Jumapili, 14 Julai: kuwaka

VF30 imekaa. Bomba la maji lilihitaji kukunjwa kidogo kwa mkono lifike mahali pake. Nilifanya polepole, maana likipinda likabana, maji hayapiti. Nati za turbo kwenye bomba la kupanda nimezikaza Newton mita 35. Mipira yote midogo ya busti, ya miaka ishirini na iliyokakamaa kama makaroni, nimeitupa na kuweka mipya ya silikoni ya bluu. Nilijipongeza sana kwa hili. Litakumbukwa baadaye.

Kabla ya kuwasha nilimimina oili ndani ya turbo kupitia tundu lake la juu huku nazungusha mapanga kwa kidole. Kisha nikachomoa plagi za injekta na kupiga stata sekunde kumi, nikapumzisha, mara nne, mpaka taa ya oili ikazima yenyewe. Turbo isianze maisha yake ikiwa kavu.

Ikawaka mara ya kwanza. Halafu ukaja moshi. Mweupe wenye bluu, mzito, ukafunika ua, ukapanda juu ya ukuta. Jirani alikuja na ndoo ya mchanga. Nilimweleza kwamba ni oili iliyoingia kwenye bomba wakati wa kufunga, naye akaniangalia kama mtu anayesikiliza mwanasiasa. Dakika kumi na mbili baadaye ulikwisha kabisa. Hakuna kinachovuja.

Jumamosi, 20 Julai: busti haipandi

Gari linatembea, lakini ovyo. Sailensi, yaani mizunguko ya injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka. Geji ya busti inagota 0.5 na kukataa. Geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli inaonyesha petroli haitoshi hata nikiwa nimesimama. Niliacha kukanyaga mara moja. Injini yenye turbo ikinyimwa petroli huku inabanwa, pistoni ndizo zinazolipa.

Nimetengeneza kifaa cha kupimia uvujaji: kifuniko cha bomba la maji la PVC la inchi 3, nikakitoboa na kuweka vali ya tairi. Vali nimepewa bure na fundi pancha wa kona, ambaye pia alikubali nivute mpira wa kompresa yake mpaka kwenye boneti. Kifuniko kinaingia pale ilipokuwa sensa ya hewa, unajaza upepo polepole, unanyunyiza maji ya sabuni kila kiungo.

Juu kote kimya. Kisha mdogo wangu akasema, "Kaka, sikia chini." Chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kulikuwa na mluzi mwembamba. Bomba la kunyonyea la turbo linapita huko, mahali ambapo mkono hauingii na jicho halifiki. Nilipokuwa nalivuta litoke kwenye TD04 nilisikia "tak" ndogo, nikajiambia ni klipu. Haikuwa klipu. Lilikuwa bomba lenyewe, plastiki iliyokaushwa na joto la miaka ishirini, limepasuka kwa urefu wa kidole. Hewa inaingia hapo bila kupita kwenye sensa, kompyuta haiijui, kwa hiyo haitoi petroli yake.

Bomba la silikoni 180,000, limetoka Sharjah kupitia mtu anayeleta mizigo. Kulifunga ni lazima uinue manifoldi. Wapo wanaosema unaweza kulipenyeza kwa sabuni bila kuinua. Nilijaribu saa mbili, nikatoa damu kwenye vidole vitatu, nikainua manifoldi.

Jumapili, 28 Julai: majivu

Bomba jipya limekaa, mluzi umekwisha, sailensi imetulia kama gari la balozi. Mchanganyiko safi. Busti: 0.6. Bado.

Nikapima upya kwa sabuni, hakuna povu popote. Nikabadilisha solenoidi ya busti kwa ya kuazima, vilevile. Nikaangalia mkono wa westigeti, unasogea vizuri. Jioni nikamtumia rekodi zangu za kompyuta ya gari fundi wa kompyuta za Subaru aliye Nairobi, tunayewasiliana kwa WhatsApp. Hakusoma hata ukurasa wa pili. Akatuma sauti: "Kaka, ile mipira ya zamani uliitupa? Kidonge kilikuwa ndani."

Hivi ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Mpira mmoja unatoka kwenye turbo kwenda kwa mkono wa westigeti, na upepo ukifika pale unafungua kilango na kuizuia busti isizidi. Kompyuta ikitaka busti zaidi, inafungua solenoidi ili sehemu ya upepo huo irudishwe kwenye bomba la kunyonyea, mkono usisukumwe mapema. Ila solenoidi ni ndogo, haiwezi kumwaga upepo kwa kasi unayoingia. Kwa hiyo ndani ya mpira, kabla ya kiungo cha njia tatu, Subaru waliweka kidonge cha shaba njano chenye kitundu cha karibu milimita moja. Bila kidonge, upepo unajaa, kilango kinafunguka mapema, na solenoidi inapiga kelele bure. Mpira wangu wa bluu, mzuri, msafi, ulikuwa mtupu.

Swali likawa mipira ya zamani iko wapi. Takataka za wiki ile zilishachomwa nyuma ya nyumba. Nilichukua chekecheo la unga, bila ruhusa, nikachekecha majivu na tochi ya simu mdomoni. Nikapata misumari, kofia za bia, sarafu ya shilingi mia, na saa mbili usiku nikakipata. Cheusi, kidogo kama punje ya mtama, kitundu kimezibwa na masizi. Nilikipitisha sindano ya cherehani, nikakisugua kwa majivu yaleyale, kikang'aa.

Kimeingia kwenye mpira wa bluu kwa kusukumwa na kalamu. Jaribio la kwanza usiku huohuo kwenye barabara tupu: 0.6, 0.8, 0.95. Nikaachia.

Chekecheo nimenunua jipya.

Jumamosi, 3 Agosti: kompyuta na pampu

Fundi wa Nairobi aliniwekea sharti moja, pampu ya petroli kwanza. Nimefunga Walbro ya lita 255 kwa saa, kazi ya saa moja. Kebo ya Tactrix, ya kuunganisha laptop na kompyuta ya gari, nimeazima. Kazi ilikwenda hivi: ananitumia ramani, yaani mpangilio wa petroli, moto na busti, naiingiza, naendesha mara tatu gia ya pili na ya tatu, narekodi kwa programu ya RomRaider, namtumia, anarekebisha. Ramani saba kwa siku mbili.

Ramani ya tatu ilionyesha injini inaanza kugonga kwenye mizunguko 4,200 na kompyuta ikarudisha moto nyuma, yaani ikachelewesha cheche za plagi, karibu digrii 3. Sauti hiyo sikuisikia, kurekodi ndiko kulikoiona. Alipunguza moto pale, akaongeza petroli kidogo, kukawa kimya. Injekta za asili zinakaribia kuisha nguvu kwenye bar 1, maana yake hapa ndipo mwisho. Anayetaka zaidi anunue injekta.

Mwendo umebadilikaje? Chini ya mizunguko 2,800 gari limekuwa zito kidogo kuliko zamani. Hili wauzaji hawalisemi. Kutoka 3,200 linavuta, na sasa linaendelea kuvuta mpaka 6,500.

Alhamisi hadi Jumapili, 8 hadi 11 Agosti: Kitonga

Nanenane tumekwenda Iringa kwa wazazi. Mpaka Ruaha Mbuyuni kila kitu sawa. Tulipoanza kupanda Kitonga nyuma ya malori, nikaanza kuichungulia geji kila nikipata nafasi ya kupita. Kila kona busti inapungua. Iringa mjini, juu ya mita 1,500, haikupita 0.85. Nikasema kidonge kimetoka, nikasimama kando, nikafungua boneti kwenye baridi. Kidonge kipo.

Nikampigia Nairobi. Akacheka: "Kaka, umepanda mlima. Karibu kwetu." Hewa ya Dar ina shinikizo la takriban kilopascal 101, ya Iringa kama 84. Kwa bar 1 ya geji, turbo Dar inabana hewa mara mbili. Iringa, ili kuipa injini hewa ileile kamili, ingelazimika kuibana karibu mara 2.4, yaani izunguke kwa kasi zaidi sana na kuipasha moto zaidi. Kompyuta ya Subaru inapima hewa ya nje na kushusha yenyewe lengo la busti ili turbo isijiue. Halikuwa tatizo. Angeweza kulizima, nikamwambia aache.

Kurudi ilikuwa kinyume chake: joto la Morogoro, hewa nzito, busti kamili. Nilirekodi njia nzima, hakuna kugonga.

Jumapili, 25 Agosti: oili ya kwanza na hesabu

Kilomita 1,300. Nimemwaga oili, nimekata kichujio kwa msumeno na kutandaza karatasi yake juani: hakuna vumbi la chuma. Bolti yenye wavu nimeifungua tena, ni safi. Shafti ya VF30 iko vilevile kama siku niliyoinunua.

Matumizi, kwa shilingi: turbo pamoja na nyongeza 900,000. Gasketi na washa zote, za manifoldi zikiwemo, 95,000. Kuchomelea 25,000, stadi na nati 18,000. Bomba la kunyonyea 180,000. Oili na vichujio mara mbili 240,000, maji ya rejeta 45,000. Pampu 230,000. Geji mbili 520,000. Ramani 450,000. Klampu, PVC, sabuni na chekecheo 31,000. Petroli ya majaribio 190,000. Jumla 2,924,000. TD04 mbovu nimemuuzia mtu anayekarabati, 60,000, kwa hiyo 2,864,000.

Geji mbili peke yake zilikaribia theluthi ya bajeti ya mwanzo, na ya mchanganyiko ndiyo ningeinunua kwanza kama ningeanza upya.

Kuna fundi chonga hapo Ubungo amenichongea vidonge viwili vya akiba vya shaba njano. Viko kwenye kichupa cha dawa ya macho ndani ya dashibodi, na kichupa nimekiandika kwa kalamu ya wino mzito: USITUPE.